Jino la Kupandikiza: Je, Tundu Likienda Kombo?

Umewahi kutoboa mbao kwa keekee? Juu umeanza vizuri kabisa, lakini upande wa pili tundu limetokea kwingine! Sasa fikiri kama mbao hiyo ni taya la mtu. Hapo si mchezo tena.

Jino la kupandikiza ni nini?

Ni skrubu ndogo ya titani inayowekwa ndani ya mfupa, mahali pa jino lililotoka. Mfupa unaishika, kisha jino la bandia linafungwa juu yake. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa na daktari Per-Ingvar Brånemark huko Uswidi mwaka 1965.

Hatari iko wapi?

Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaofanya mdomo wa chini na kidevu vihisi. Ukiumizwa, mtu anaweza kubaki na ganzi, pengine maisha yake yote. Chai inamchuruzika kidevuni, naye hana habari! Kwa hiyo daktari huacha milimita 2 za usalama kabla ya mshipa huo, na milimita 1.5 kutoka kwenye mzizi wa jino jirani.

Njia nne za kulenga

1. Mkono mtupu. Daktari anaangalia picha ya eksirei, kisha anategemea jicho na uzoefu. Skrubu hupinda kwa wastani wa nyuzi 7 hivi.

2. Kiolezo. Kompyuta inapanga kila kitu, halafu printa inatengeneza kifuniko cha plastiki chenye tundu la kuongoza keekee. Kosa ni nyuzi 3 hadi 4.

3. Kamera. Kamera inafuata keekee, na daktari anaona kwenye skrini ilipofika, kama dereva anayetazama ramani ya simu. Kosa linakaribiana na la kiolezo.

4. Roboti. Mkono wa mashine unashika keekee, daktari anasimamia. Kosa hushuka chini ya nyuzi 2.

Tupige hesabu

Skrubu ina urefu wa milimita 10. Imeanza mahali sahihi, lakini imepinda nyuzi 7. Chukua tanjenti ya 7, zidisha kwa 10. Umepata 1.2? Vizuri. Ncha imehama milimita 1.2, na ikielekea kwa jirani, zimebaki milimita 0.3 tu! Rudia kwa nyuzi 3.5. Utapata 0.6: kosa limepungua nusu.

Basi tununue roboti, yaishe?

Ngoja kidogo. Hizo ni wastani tu. Kiolezo kisipokaa sawasawa kwenye meno, kitaongoza keekee kombo kwa uhakika ule ule. Na roboti ni ghali mno. Chombo kizuri hakimwondolei daktari wajibu wa kukagua.

Na wewe je?

Taya lako bado linakua, kwa hiyo kwa kawaida skrubu itasubiri ukuaji uishe. Jino la utu uzima likikung'oka mpirani, usilitupe! Lishike upande wa kutafunia, si mzizi. Kama lina uchafu, lisuuze haraka bila kulisugua. Lirudishe mahali pake, au litie kwenye maziwa, ukimbilie kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Linaweza kushika tena.

Jadilini darasani: kwa nini kosa dogo mdomoni mwa tundu huwa kubwa kwenye ncha?