Mvua ya Mlimani, Mafuriko ya Bondeni

Mkazi wa Lubarika, katika bonde la mto Ruzizi, anaweza kuvamiwa na mafuriko siku ambayo kwake halijadondoka hata tone. Mvua imenyesha juu, kwenye milima ya Mitumba, na maji yako njiani.

Milimita 50 za mvua katika kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50 za maji. Mwanzoni mwa msimu, ardhi yenye miti hunywa sehemu kubwa. Ifikapo Machi na Aprili udongo umeshiba, na pale miti ilipokatwa maji huteremka moja kwa moja. Kila kijito hupeleka chake mtoni. Vingi vikifika makutanoni kwa wakati mmoja, mto hufurika. Mito inayoshuka Mitumba ni mifupi na mteremko wake ni mkali, kwa hiyo hujaa kwa saa chache tu, tena kwa mawe na magogo. Mto Ruzizi una mwendo mwingine, kwa kuwa hutoka Ziwa Kivu, nalo huachia maji polepole. Ziwa Tanganyika hupanda kwa miezi na kushuka kwa miezi, maana maji yake yana mlango mmoja wa kutokea: mto Lukuga, kule Kalemie.

Mji wa Uvira uliyaona mafuriko ya ghafla ya mito ya Mitumba usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa, na makumi ya maelfu wakabaki bila makazi. Walionusurika wanajua jinsi usiku unavyozidisha hatari: hakuna anayeona maji yakipanda.

Basi wakati wa mvua, tazama mlima. Wingu zito likikaa huko, toka mtoni, hata kama unafua au unachota mchanga. Maji yakigeuka tope ghafla, yakileta majani na matawi, au ukisikia mngurumo wa mawe, panda juu mara moja. Na mto ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea mlimani, usishangilie: huenda udongo ulioporomoka umeuziba huko juu, na kizuizi hicho kitapasuka. Usivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magotini. Mvua kubwa ya usiku isiwakute nyote mmelala, mmoja akeshe.

Wenzetu wa milimani, mnapoona mvua kubwa, tupigieni simu sisi wa bondeni. Dakika chache za onyo zinatosha kuwatoa watoto.