Habari za Dawa ya Kunyosha Nywele

Mwezi huu nataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe katika darasa la kipaimara, pamoja na mambo niliyojifunza baada yake. Najua ya kuwa wanaume wengi wataona neno "nywele" na kufunua ukurasa wa pili, wakisema, Hayo ni mambo ya wanawake. Mimi pia nalisema hivyo zamani.

Wiki mbili kabla ya siku ya kipaimara nalitangaza kanisani ya kuwa wasichana waje nadhifu, nywele zao zikiwa zimetengenezwa vizuri. Sikuyafikiri tena maneno hayo. Jumamosi iliyofuata msichana mmoja wa miaka 14 alikuja darasani amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Kila alipoinama kuandika alikunja uso, nami nikamwita mke wangu amtazame. Nyuma ya masikio na juu ya shingo ngozi ilikuwa imechubuka, vidonda vilitoa maji, na nywele zilikuwa zimekatika vipande vipande. Mama yake alipokuja akasema, "Baba Mchungaji, si wewe uliyetangaza nywele zitengenezwe? Nilimpeleka kwa msusi, akamtia dawa. Mtoto alilia ya kuwa inamchoma, tukamwambia avumilie kidogo, ipate kushika." Sikuwa na la kujibu.

Basi, dawa hiyo ni kitu gani? Ninyi mliopata kupika sabuni mwaijua kostiki soda, jinsi iunguzavyo mikono. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika dawa nyingi za kunyosha nywele, imechanganywa na mafuta na manukato hata ikawa laini kama siagi. Makopo mengine huandikwa ya kuwa hayana kostiki. Ni kweli, walakini ndani yake mna chokaa, ambayo huchanganywa na maji ya dawa ya chupa ya pili, na kitokeacho hapo ni kikali karibu sawasawa na kile cha kwanza. Wataalamu wana kipimo cha mambo haya kianziacho 0 hata 14. Maji safi ni 7, na ngozi ya kichwa ni 5 na kitu. Dawa hizi ni 12 mpaka 14, na kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo mama aonaye picha ya mtoto acheka juu ya kopo asidhani ya kuwa kilichomo ndani ni cha kitoto.

Mkunjo wa nywele za kipilipili hushikwa na vifungo vidogo vya salfa vilivyomo ndani ya kila unywele. Ufikiri kikapu: ukikata nyuzi zinazoshika ukili, kitalala bapa kama mkeka, wala hakitasimama tena. Ndivyo dawa ifanyavyo. Hukata vifungo, nao unywele huwa kama singa, lakini ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Tena, zile ziotazo kutoka kichwani huja vile vile kama zilivyoumbwa. Kwa hiyo baada ya wiki sita au nane mwenye nywele hurudi kwa msusi, na dawa huwekwa tena karibu na ngozi, ambapo pengine kidonda cha kwanza hakijapona vema.

Hayo ni ya juu ya ngozi. Liko na jambo lingine lililochunguzwa katika Marekani, ambako dawa hizi zimetumika kwa muda mrefu. Mwezi wa Oktoba 2022 wataalamu wa huko walitoa habari za wanawake 33,497 waliofuatwa karibu miaka 11. Waliona ya kuwa katika kila wanawake 1,000 ambao hawakutumia dawa ya kunyosha nywele katika mwaka mmoja kabla ya kuanza kufuatwa, kama 16 hupata saratani, yaani kansa, ya mfuko wa uzazi kabla ya kufika miaka 70. (Sisemi saratani ya shingo ya kizazi, hiyo ni nyingine.) Katika kila 1,000 walioitumia zaidi ya mara nne katika mwaka huo, hesabu ilikuwa kama 40. Katika mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston, waliowafuata wanawake weusi karibu 45,000, waliona jambo lifananalo na hilo kwa wale waliokwisha kukoma hedhi na ambao wametumia dawa kwa miaka mingi.

Nimemsomea yule mama hesabu hizi, kwa maana yeye mwenyewe ametumia dawa tangu ujana wake. Akaniuliza, "Je, nitaugua?" Nikamjibu ya kuwa katika hao 1,000, wanawake 960 hawakuugua, tena uchunguzi wa namna hii huonyesha ya kuwa mambo mawili yafuatana, bado hauthibitishi ya kuwa moja limelizaa lingine. Lakini 40 si 16. Nikamwambia pia neno ambalo kila mama apaswa kulijua, atumiaye dawa na asiyetumia: mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akiona damu tena, hata ikiwa kidogo, asikawie kwenda hospitali.

Wako wahubiri ambao habari hii ingewapeleka mara moja kwenye 1 Petro 3, wawakemee wanawake juu ya mapambo. Mimi sitafanya hivyo. Yule mtoto hakuunguzwa na kiburi, aliunguzwa na kostiki, tena kwa kutii tangazo langu. Na tufikiri: katika shule zetu nyingi wasichana hunyolewa miaka yote ya masomo, wala hapana awafundishaye kuzitunza nywele zao. Wamalizapo, huona ya kuwa ni ngumu, na kitana chakatika meno. Hapo ndipo huenda kwenye kopo.

Bibi zetu walikuwa na elimu hiyo. Nywele za kipilipili huoshwa kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, kisha huchanwa zingali na unyevu, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kwenda kwenye shina. Hupakwa mafuta ya nazi kidogo, husukwa, nazo hufungwa kitambaa laini usiku. Lakini zisivutwe. Yule mtoto ambaye baada ya kusukwa hawezi kufumba macho vizuri amefungwa mno, na nywele za kipajini zikivutwa hivyo miaka mingi huondoka zisirudi. Atakaye kuacha dawa asitazamie badiliko la upesi, kwani nywele huota kama sentimeta 1 kwa mwezi au zaidi kidogo, nazo hukatika pale mpya zinapoungana na zilizotiwa dawa. Wengi huona heri kuzikata zote na kuanza upya.

Na yeyote ambaye dawa imeanza kumchoma, asiambiwe avumilie. Aoshwe mara hiyo hiyo kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, jicho limiminiwe maji robo saa au zaidi, kisha apelekwe hospitali.

Yule msichana alipokea kipaimara pamoja na wenzake, kichwa kimenyolewa, makovu yakionekana nyuma ya masikio. Mama yake aliketi kiti cha mbele, naye amenyoa. Mwaka huu katika tangazo letu nimeandika: Waje wameoga, na nguo safi. Habari za nywele nimeziondoa, nami nawaomba ninyi walimu wa vijijini mtazame matangazo yenu.