Jaribu RAM Mpya Kabla ya Kuikabidhi Kazi Yako

Wakazi wengi wa Kawangware, Kangemi na Uthiru hushuka mjini hadi Luthuli Avenue kutafuta RAM ya kuipa kompyuta kuukuu nguvu mpya. Ni uamuzi mzuri, kwani mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko bei ya mashine nyingine. Hata hivyo, RAM mbovu huwezi kuitambua kwa macho. Kompyuta inaweza kuwaka vizuri dukani, kisha baada ya siku chache ianze kujizima au kuonyesha skrini ya bluu.

Kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo. RAM ndiyo hushika kazi yako kabla haijahifadhiwa kwenye diski. Ikiwa na kasoro, hesabu za duka au tasnifu ya mwanafunzi inaweza kuhifadhiwa ikiwa imeharibika, bila onyo lolote. Zingatia hatua zifuatazo.

Kabla ya kununua

1. Weka nakala ya faili zako muhimu kwenye flashi au diski ya nje.

2. Jua aina ya RAM inayohitajika. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mkato ulio kwenye ukingo wa kila aina uko mahali tofauti. Ikikataa kuingia, usiisukume kwa nguvu. RAM ya laptopu nayo ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani.

3. Soma lebo. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. PC3L hutumia volti 1.35, ilhali PC3 ya kawaida hutumia 1.5. Laptopu inayohitaji PC3L huenda isiwake kabisa ukiiwekea PC3.

4. Uliza kiwango cha juu ambacho mashine yako inakubali. Baadhi ya laptopu zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na haziwezi kuongezewa. Windows ya biti 32 nayo haitumii zaidi ya gigabaiti 4.

5. Kabla ya kulipa, uliza utapewa siku ngapi za kurudisha bidhaa ikiwa mbovu. Siku hizo ziandikwe kwenye risiti.

Jinsi ya kupima

Pima siku hiyo hiyo ufikapo nyumbani. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kisha ubonyeze Enter na ukubali kompyuta iwashwe upya. Matokeo huonekana ukishaingia tena.

Kwa kipimo kikali zaidi, weka programu ya MemTest86, inayopatikana bila malipo, kwenye flashi. Washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo na uiache ipime usiku kucha. RAM nzima haitoi kosa hata moja. Kosa moja tu ni sababu ya kuirudisha.

Kama una vipande viwili, pima kimoja kimoja katika nafasi ile ile. Kosa likifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Likibaki kwenye nafasi hata ukibadilisha vipande, shida iko kwenye bodi, na kununua RAM nyingine hakutasaidia. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme na utoe betri ikiwezekana kabla ya kugusa chochote ndani.

Haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kumwezesha kunufaika nazo kikamilifu, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Piga picha ya skrini inayoonyesha makosa na uibebe pamoja na risiti unaporudi dukani. Msiposikizana, malalamiko ya watumiaji hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Usiku mmoja wa kupima ni afadhali kuliko kupoteza kazi ya mwaka mzima.