Nchi Ikijitoa kwenye Jumuiya, Mzigo Wako wa Sirari Unakuwaje?

Kila Tanzania na Kenya zinapotunishiana misuli, mtu anayepakia mchele Buzuruga, hapa Mwanza, kwenda Sirari mpakani na Kenya hupata wasiwasi uleule: je, tukijitoa kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wangu utapita? Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana bila sisi, maneno yakawa mengi, hadi Rais Kikwete akalihutubia Bunge mwezi Novemba na kusema Tanzania haitoki. Julai 2025 Serikali ikawazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwamo saluni, ufundi wa simu na uwakala wa fedha kwa simu. Wakenya wakalalamika kwamba Soko la Pamoja la Jumuiya limekiukwa, na maneno yakaanza upya. Yataanza tena siku nyingine, kwa hiyo afadhali ujue mapema jambo lenyewe linavyokwenda.

Jibu la haraka ni kwamba nchi ikijitoa, mpaka haufungwi. Malori yatapita na mabasi yatapita. Kinachopotea ni haki ya bidhaa zako kuingia kwa jirani bila ushuru wa forodha, yaani ile kodi inayotozwa bidhaa kwa sababu tu imetoka nchi nyingine.

Kwanza, sisi tumo kwenye jumuiya zipi? Mbili kubwa. Ya kwanza ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha na nchi wanachama 8: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Ya pili ni SADC, ya nchi za kusini mwa Afrika, ambako tuko pamoja na Zambia, Malawi, Msumbiji, Afrika Kusini na wengine. Zinatofautiana. SADC ina eneo huru la biashara: majirani wameondoa uzio kati yao, lakini kila mmoja amebaki na geti lake la barabarani na bei yake ya kiingilio kwa wageni. Afrika Mashariki ilikwenda mbali zaidi, ikaanzisha umoja wa forodha tangu Januari 2005: uzio umeondolewa, na geti la nje likawekewa bei moja kwa wote.

Bei hiyo ya geti la nje ina ngazi 4. Malighafi na mitambo mingi haitozwi kitu. Bidhaa ambazo hazijakamilika hutozwa asilimia 10. Zilizokamilika, asilimia 25. Na tangu Julai 2022 ipo ngazi ya asilimia 35 kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vinasemekana kuzimudu, kama samani, nguo na rangi za kupaka. Nje ya ngazi hizo kuna bidhaa nyeti zenye viwango vyake: mahindi asilimia 50, mchele asilimia 75, sukari asilimia 100. Kila Juni mawaziri wa fedha wanaposoma bajeti, nchi moja moja huomba kupunguziwa au kuongeza kwa mwaka mmoja, ndiyo maana viwango vya gazeti la mwaka jana si vya kutegemea.

Sasa tupige hesabu. Unaingiza bidhaa ya kiwandani yenye thamani ya shilingi 1,000,000, ikiwa ni pamoja na nauli ya mzigo na bima. Kama imetengenezwa Kenya na ina cheti cha kuthibitisha hivyo, ushuru wa forodha ni sifuri. Unabaki na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambayo ni 180,000. Kama imetengenezwa nje ya Jumuiya na iko ngazi ya asilimia 25, ushuru ni 250,000, halafu VAT inapigwa juu ya 1,250,000 na kuwa 225,000. Jumla 475,000. Tofauti ni 295,000 kwa kila milioni, hata kabla ya tozo ndogondogo. Angalia jambo ambalo wengi hulikosea: ndani ya Jumuiya VAT haifutiki. Anayekwambia bidhaa ya Kenya inaingia bure kabisa anakudanganya, au kadanganywa yeye.

Kwa anayeuza nje, hesabu ni nzito zaidi. Mchele wa Kanda ya Ziwa unaingia Kenya kwa ushuru sifuri kwa sababu ni wa mwanachama. Tanzania ikiwa nje ya umoja wa forodha bila mkataba mwingine, mchele huohuo utasimama foleni moja na wa Pakistan, na kiwango kilichoandikwa kwenye jedwali ni asilimia 75. Mnunuzi wa Kisii au Migori hatalipa tofauti hiyo. Ataishusha kwenye bei anayompa mkulima wa Magu.

Je, nchi inaweza kutoka ghafla, ukaamka asubuhi ukakuta mambo yamebadilika? Kwa utaratibu wa sasa, hapana. Kifungu cha 145 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka Bunge la nchi inayotoka lipitishe azimio kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote, kisha nchi impe Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi 12. Katika miezi hiyo majukumu yote yanaendelea, na notisi inaweza kufutwa. Kwa hiyo hotuba kali ya waziri si kujitoa, wala ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya simu.

Wenye umri watasema: mbona mwaka 1977 ilikuwa ghafla? Ni kweli, lakini ile haikuwa kujitoa kwa notisi. Jumuiya ya kwanza ilivunjika. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mali zikagawanywa, na hapa ziwani ugawaji huo ulionekana kwa macho: MV Victoria na MV Umoja zikabaki Tanzania, MV Uhuru ikabaki Kenya. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulisainiwa Mei 1984. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya wazee wa Mwanza wasikie neno “kujitoa” na kufikiria mpaka uliofungwa.

Mfano ulio karibu zaidi na swali letu ni mwingine, na wengi hawaukumbuki kabisa. Tanzania ilishawahi kujitoa kwenye jumuiya ya biashara. Ni COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambalo tulitoka mwaka 2000. Mpaka haukufungwa hata siku moja. Biashara na Kenya na Uganda ikapata mlango wa Afrika Mashariki, na ile ya Zambia na Malawi ikapita SADC. Hata baadhi ya huduma za COMESA tulibaki nazo: kadi ya njano, ile bima ya gari kwa madhara ya mtu mwingine ambayo dereva wa lori huionyesha akivuka mpaka, inatumika Tanzania mpaka leo.

Basi hasara iko wapi? Iko kwa nchi ambazo ziko COMESA lakini haziko kwetu, na kubwa kati ya hizo ni Misri. Bidhaa ya Misri inaingia Kenya bila ushuru, kwa kuwa wote wawili ni wa COMESA. Mfanyabiashara wa Mwanza anaiona Nairobi kwa bei nzuri, ananunua, anapata risiti halali, anafika Sirari akiamini amebeba mzigo wa Kenya. Ofisa wa forodha anaipindua katoni, anasoma maandishi madogo ya chini: imetengenezwa Misri. Hapo risiti ya Nairobi haisaidii. Ushuru unatozwa wote, kana kwamba katoni imeshuka melini Dar es Salaam. Kununuliwa Kenya si kutengenezwa Kenya. Nikiruhusiwa kukupa sentensi moja tu ya kwenda nayo mpakani, ningekupa hiyo.

Hivyo karatasi ya kuijua ni cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayosema kitu hiki kimezalishwa au kutengenezwa nchi fulani mwanachama. Cheti hiki kipo cha aina mbili. Mzigo wako ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ambazo ni kama shilingi milioni 5 kutegemea bei ya dola siku hiyo, na ukiwa ni bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, kama mazao, mifugo, samaki na kazi za mikono, unapewa cheti rahisi palepale mpakani na ofisa wa forodha. Hakilipiwi. Ukidaiwa fedha ya cheti hicho, omba stakabadhi ya Serikali, na mara nyingi dai litaishia hapo. Mzigo ukizidi thamani hiyo, utahitaji cheti kamili na wakala wa forodha mwenye leseni. Anzia ofisi ya TRA au ya TCCIA, chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo, hapa Mwanza, kabla gari halijapakiwa. Usigawe mzigo mmoja kwa majina ya watu watano ili kila fungu lionekane dogo. Maofisa wanaujua mchezo huo kuliko wewe.

Cheti cha uasili hakifuti vibali vingine. Mchele na mahindi vinahitaji kibali cha kusafirisha mazao nje kutoka Wizara ya Kilimo, na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu. Dagaa na samaki wa Mwaloni Kirumba wanapitia kwa maofisa uvuvi. Vibali hivi vina ada, na ada hubadilika, hivyo uliza ya mwaka huu kwenye ofisi yenyewe, si kwa dalali wa stendi. Wewe mwenyewe unahitaji hati ya kusafiria, na pasipoti ni shilingi 150,000 kwa miaka 10. Kwa mtu anayevuka kila mwezi, hiyo ni rahisi kuliko kuhangaikia hati ya muda kila safari.

Ukifika Sirari utakuta kituo cha pamoja: maofisa wa Tanzania na Kenya wanakaa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Ukienda Kenya unahudumiwa Isebania, ukirudi unahudumiwa Sirari. Mutukula kwa Uganda na Rusumo kwa Rwanda utaratibu ni huohuo. Njia za panya ziachie wenyewe. Sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu kutaifisha mzigo pamoja na chombo kilichoubeba, hata kama ni bodaboda ya kukodi.

Wanaopeleka dagaa Kongo wawe waangalifu kidogo. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini kuwa mwanachama ni jambo moja na kila kituo cha forodha kufuata viwango vya pamoja ni jingine. Kabla mzigo haujaondoka, mwombe mpokeaji wako Goma au Bukavu akutumie kwa maandishi anacholipa kwa sasa.

Tena, kuwa ndani ya jumuiya hakukukingi na kila kitu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Oktoba 2017 sisi tuliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga, kwa hofu ya mafua ya ndege. Aprili 2025 tukazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, wanachama wenzetu wa SADC, kwa siku chache. Hivi huitwa vikwazo visivyo vya kiforodha: hakuna ushuru uliopandishwa, lakini lori limesimama na nyanya zinaoza. Kwa maoni yangu, mfanyabiashara mdogo wa Buzuruga ameumizwa zaidi na vikwazo vya aina hii kuliko na jumuiya yoyote tuliyojitoa. Vikikukuta, toa taarifa Wizara ya Viwanda na Biashara ukiwa na tarehe, kituo, namba ya gari na jina la hati uliyokataliwa.

Walioondoka kwingineko wametuachia funzo hilohilo la karatasi na tozo. Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, tangu Januari 2021 bidhaa zake nyingi ziliendelea kuingia Ulaya bila ushuru kwa mkataba mpya, ila sasa kila shehena ilibidi ithibitishe asili yake. Mali, Niger na Burkina Faso zilitoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025. Miezi miwili baadaye zikaweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa kutoka nchi zilizobaki.

Na siku ukisikia kwa uhakika kwamba Bunge limepitisha azimio na notisi imetolewa, fanya mambo matatu ndani ya ile miezi 12. Soma upya makubaliano yako na mnunuzi wa ng’ambo, muandikiane nani atabeba ushuru ukitokea. Usikopeshe mzigo ambao malipo yake yatakuja baada ya tarehe ya kutoka. Muulize wakala wako kama bidhaa yako inaweza kupita mlango mwingine, SADC au Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo Tanzania ni mwanachama, na cheti chake kinaombwa wapi.

Kwa leo Tanzania ni mwanachama na cheti rahisi kinatolewa Sirari bila malipo. Safari ijayo, kiombe.