Mwone kabla hajakufikia: kuchagua tochi ya kulinda shamba na mifugo usiku

Saa tano usiku mbwa wanabweka upande wa chini wa shamba. Mahindi yamekomaa, yamebaki majuma mawili yavunwe. Unachukua tochi na kutoka nje. Yatakayotokea katika dakika moja ijayo yanategemea sana kile ulichoshika mkononi. Tochi ikimulika mita kumi tu, hutajua kama ni ng'ombe wa jirani aliyekata kamba, nguruwe mwitu au ndovu, mpaka uwe umemkaribia mno.

Wakazi wengi wa Taita Taveta wanaijua hali hii. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zinachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu, na wanyama hawasomi mipaka. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua tochi ya kufuatilia mienendo ya wanyamapori karibu na makazi usiku, na jinsi ya kuitumia ili urudi nyumbani salama. Jambo kuu ni hili: tochi si silaha. Kazi yake ni kukuwezesha kumwona mnyama mapema, ukiwa bado na nafasi ya kurudi nyuma.

Umbali ndio usalama

Ndovu waliopimwa mwendo na watafiti walifikia karibu kilomita 25 kwa saa, yaani takriban mita 7 kwa kila sekunde. Piga hesabu. Ukimwona akiwa mita 30 na akaamua kukujia, una sekunde 4 hivi. Ukimwona akiwa mita 100, una sekunde 14. Sekunde 4 hazitoshi hata kugeuka na kutafuta njia katikati ya matuta gizani. Sekunde 14 zinaweza kutosha kuingia ndani ya nyumba, ikiwa hukwenda mbali na mlango.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "Hii inang'aa kiasi gani?" bali "Hii inafika wapi?"

Lumeni na kandela

Pakiti nyingi huandikwa lumeni kwa herufi kubwa. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, kila upande. Taa inayoangaza chumba kizima inaweza kuwa na lumeni nyingi na bado isifike mwisho wa ua. Kinachoonyesha umbali ni kandela, yaani nguvu ya mwanga ule wa katikati unaokwenda mbele.

Tochi ya kandela 2,500 huandikwa kuwa inafika mita 100. Ya kandela 10,000 huandikwa mita 200, na ya kandela 40,000 mita 400. Utaona kwamba ili umbali uongezeke mara mbili, nguvu lazima iongezeke mara nne. Ndiyo maana tochi inayodai kufika kilomita mbili huku ikitumia jiwe moja dogo inapaswa kutiliwa shaka.

Tena, umbali ulioandikwa ni pale ambapo mwanga umefifia ukawa kama wa mbalamwezi. Kwa mwanga huo utaona kivuli tu, hutajua ni mnyama gani. Kanuni rahisi ni kugawanya kwa mbili: iliyoandikwa mita 200 ichukulie kuwa ya mita 100. Kwa anayelinda shamba karibu na njia za ndovu, tochi ya kandela 10,000 au zaidi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Taa mbili, kazi mbili

Mwanga mwembamba unaofika mbali haukuonyeshi ulipokanyaga. Na usiku si ndovu pekee wa kuogopwa. Bafe, ambaye wengine humwita moma, hulala kimya kwenye njia na hatoroki haraka kama nyoka wengine. Watu wengi huumwa kwa kumkanyaga. Kwa miguu unahitaji mwanga mpana na hafifu, wa kuonyesha mita nne au tano mbele.

Kwa hiyo, ukiweza, uwe na taa mbili: tochi ya mkononi ya kuona mbali, na ndogo ya kichwani ya kuonyesha njia. Ile ya kichwani inaacha mikono yako huru, na moja ikizimika, ya pili inakurudisha nyumbani. Kama uwezo ni wa moja tu, tafuta ile ambayo kichwa chake huvutwa mbele na nyuma ili kubadili mwanga kutoka mpana kuwa mwembamba.

Simu isiwe tochi yako. Mwanga wake hufika mita chache tu, nayo betri yake utaihitaji kupiga simu ya dharura. Pia kumbuka kwamba jicho huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa simu huharibu mazoea hayo papo hapo. Ukiwa unangoja kwenye dungu, tumia mwanga mdogo kabisa, au mwekundu ikiwa taa yako inao.

Macho yanayong'aa

Simba, chui, fisi, nyati na swala wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Ukiwamulika utaona nukta mbili zinazong'aa kabla hujauona mwili. Mwanga huo hurudi pale ulikotoka, kwa hiyo utauona vizuri zaidi tochi ikiwa karibu na macho yako. Inua tochi ya mkononi hadi usawa wa shavu, usiishike kiunoni.

Lakini kuwa mwangalifu. Ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka nao macho yao hung'aa, na hata buibui kwenye nyasi hutoa nukta ndogo. Angalia urefu wa macho kutoka chini, nafasi kati yake na jinsi yanavyosogea. Macho yaliyo chini, yanayokutazama bila kusogea, si ya mbuzi anayekula.

Upande wa pili, kukosa kuona macho si dalili kwamba hakuna kitu. Nguruwe, nyani na nyoka hawana utando huo. Ndovu naye usimtafute kwa macho. Jicho lake ni dogo na mwili wake wa rangi ya vumbi humeza mwanga. Kabla ya kumulika, simama na usikilize: matawi yanayovunjika, mabua yanayong'olewa, mngurumo mzito wa chini. Mwanga uthibitishe kile ambacho masikio yamekwisha kukuambia.

Betri: mahali unapodanganywa

Tochi nzuri yenye betri mbovu ni chuma tu. Nyingi za kuchaji hutumia betri ya duara iliyoandikwa 18650. Betri halisi za ukubwa huo kwa kawaida huwa na uwezo wa kati ya 2,000 na 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9,800 au 9,900, ujue maandishi hayo si ya kweli. Iweke kwenye mizani ya duka: ya kweli ina uzito wa takriban gramu 45 hadi 50. Ikiwa nyepesi mno, ndani hakuna cha maana.

Mawe ya kawaida bado yana faida yake: hupatikana hata duka dogo la kijijini na hayahitaji umeme. Ila yatoe kwenye tochi ikiwa hutaitumia kwa muda mrefu, kwa sababu yakivuja huharibu chuma cha ndani. Anayechaji kwa sola achaji mchana huo huo wa zamu, asingoje mpaka taa ianze kufifia. Betri ya ziada iwe mfukoni, isiwe nyumbani.

Kabla ya kulipa

Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Angalia kinga ya maji: IPX4 huhimili manyunyu ya mvua, IPX7 huhimili hata kuangukia majini kwa muda mfupi. Bonyeza kitufe ukiwa umefumba macho: je, unaweza kukipata mara moja? Je, lazima upite kwenye mwanga wa kumeka kabla ya kufika mwanga wa kawaida? Usiku wa hatari kitufe chenye mafumbo ni adui. Mwisho, mwombe mwenye duka akuruhusu uijaribu jioni nje, ukimulika ukuta au mti ambao umbali wake unaujua kwa hatua.

Ukishamwona, fanya nini?

Mulika kwa muda mfupi, mtambue, kisha rudi nyuma taratibu huku ukiwaita wenzako. Usimfuate. Usimwendee ndovu huku ukimmulika machoni, wala usimzunguke na kumziba njia ya kutokea. Usitoke peke yako, na usitoke ukiwa umelewa. Mjulishe chifu, mzee wa kijiji au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe. Weka namba zao kwenye simu leo, si usiku wa tukio.

Mwanga unaosogea una nguvu kuliko uliosimama. Richard Turere, kijana aliyekulia Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, aligundua kwamba simba hawakusogelea ng'ombe wa familia yake usiku alipokuwa akizunguka na tochi. Akaunganisha balbu ndogo zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, ili zionekane kama mtu anayetembea. Mwaka 2013 alieleza ubunifu huo mbele ya ulimwengu. Hapa kwetu Sagalla, wakulima wametumia ua wa mizinga ya nyuki kuzuia ndovu. Tochi haichukui nafasi ya zizi imara au ua. Inafanya kazi pamoja navyo.

Kusoma nyayo na kutunza ushahidi

Alama hafifu hazionekani ukimulika kutoka juu. Shusha tochi karibu na ardhi, imulike kutoka upande, na unyayo uwe kati yako na mwanga. Vivuli vitachora kingo zake. Fanya hivyo tu ndani ya ua wako, au mnyama akiwa amekwisha kuondoka. Nyayo za shambani zingoje asubuhi na mapema, jua likiwa bado chini, maana nalo humulika kutoka upande.

Wayo wa mbele wa ndovu ni wa duara, wa nyuma ni mrefu kidogo. Kiboko huacha vidole vinne. Nyati huacha kwato kama za ng'ombe mkubwa. Simba na chui huficha makucha wanapotembea, lakini fisi na mbwa huacha alama za makucha. Duma ndiye paka ambaye makucha yake huonekana. Weka kiatu au rula kando ya unyayo, piga picha, kisha ufunike kwa beseni kabla mifugo haijaukanyaga.

Ushahidi huo una thamani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa jeraha jingine. Mazao, mifugo na mali vilivyoharibiwa navyo vinaweza kudaiwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba anayedai mali hatalipwa ikiwa hakuchukua hatua za kutosha kuilinda. Zamu za ulinzi zilizoandikwa kwenye daftari, zizi lililofungwa na picha za nyayo ni sehemu ya kuonyesha kwamba ulichukua hatua.

Mpaka usiovukwa

Uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu 1977. Tochi ile ile inayolinda mahindi ndiyo wengine huitumia kupumbaza digidigi na kumchinja. Anayekutwa porini usiku na tochi, panga na mbwa atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Mlinzi hubaki ndani ya shamba lake. Nyayo zikielekea porini, kazi yako imekwisha na ya askari wa wanyamapori imeanza.

Maswali ya kujadiliana katika baraza au kikundi

1. Tochi uliyo nayo nyumbani inafika hatua ngapi? Ipime jioni ya leo.
2. Kutoka mlangoni mpaka mwisho wa shamba ni hatua ngapi, na utarudi kwa njia ipi?
3. Je, majirani watano wanaweza kuchangia tochi moja nzuri na kupangiana zamu?
4. Nani katika kijiji ana namba ya simu ya KWS, na nani hana?

Mahindi yakiliwa, hupandwa tena mvua ikinyesha. Mtu hapandwi tena. Mwone mnyama mapema, mpe nafasi, rudi nyumbani.