Dondoo Muhimu: Hewa Safi Murukulazo Wakati wa Kiangazi

Ilhali Dar es Salaam upepo wa bahari aghalabu huupeperusha moshi, huku kwetu Murukulazo, katika vilima vya Ngara, mvua zikatikapo kuanzia Juni hadi Agosti, hewa baridi ya usiku hutuama mabondeni na kuuzuia moshi usipae hadi jua lichomoze.

- Shambani: Mabaki ya mavuno usiyachome, bali yafukie ardhini, yaoze na kuwa mbolea.
- Jikoni: Tumia kuni zilizokauka barabara, dirisha likiwa wazi, na watoto wachanga wakae mbali na meko.
- Uani: Nyunyiza maji kabla ya kufagia, ili vumbi lisitimke.
- Siha: Mwenye pumu, kifua kikimbana, asitaahari kwenda zahanati.

Hewa tuivutayo ni ya jirani pia, tuihifadhi sote.