Joto la Mashine ya Kutotoleshea Mayai Wakati wa Kipupwe

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hususani Njombe na Makete, usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na mfugaji mwenye mashine ya kutotoleshea aliyoiunda mwenyewe kwa mbao au kwa boksi la friji bovu hulazimika kurekebisha upya mpangilio uliomfaa mwezi Januari. Kiinitete cha kuku, yaani kifaranga kinachojiumba ndani ya yai kwa siku 21, huhitaji nyuzi 37.5 hivi endapo mashine ina feni ya kusambaza hewa. Pasipo feni, hewa ya moto hujikusanya juu na ya chini hubaki baridi, kwa hiyo hutakiwa nyuzi 38.5 hivi zinazopimwa usawa wa migongo ya mayai. Kipimajoto kilichoning'inizwa kando ya balbu hupima balbu, si yai.

Vipimajoto vya bei nafuu navyo huweza kukosea kwa nyuzi nzima, kosa linalotosha kuharibu uanguaji. Njia rahisi ya kuvihakiki ni kutumbukiza ncha ya kipimajoto cha mashine pamoja na ya kipimajoto cha homa katika bilauri ya maji ya uvuguvugu, kulinganisha usomaji wa vyote viwili, kisha kuandika tofauti hiyo kwa kalamu juu ya mlango wa mashine. Themostati, kifaa kinachowasha na kuzima balbu chenyewe, hurekebishwa kidogo kidogo huku mashine ikiwa tupu, na mayai hayaingizwi mpaka joto litulie mchana na usiku mzima. Balbu mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwani moja ikiungua usiku wa manane nyingine huendelea kufanya kazi.

Baridi inapozidi, wafugaji wengi huziba matundu ya hewa kwa matambara, jambo lisilofaa hata kidogo, kwa sababu kiinitete hupumua kupitia ganda. Dawa ni kuihamishia mashine chumba cha ndani na kuongeza unene wa kuta zake. Umeme ukikatika, mlango hubaki umefungwa na mashine hufunikwa blanketi bila kuziba matundu, huku chupa za maji zilizowekwa ndani tangu mwanzo zikiachia joto lake polepole. Kupoa kwa muda mfupi kwa kawaida huchelewesha tu uanguaji, ilhali joto linalopita nyuzi 40 huweza kuua ndani ya saa chache. Tahadhari hiyo huhusu zaidi juma la tatu, ambapo viinitete vilivyokua huzalisha joto lao wenyewe, hivyo kwamba mashine iliyojaa mayai huweza kupanda joto bila mtu kuigusa, na kipimajoto hustahili kusomwa mara nyingi zaidi kuliko siku za mwanzo.